Daftari au Programu: Kufuatilia Kazi ya Mteja Hadi Malipo

Fundi wa injini za boti au majokofu jijini Mwanza hupokea ombi kwa simu, hukagua, hutoa makadirio, hufanya kazi, kisha hudai malipo. Je, hatua hizo azifuatilie kwa daftari au kwa programu ya biashara?

Kwa gharama, daftari halina mpinzani, kwani programu nyingi hutoza ada ya kila mwezi, mbali na bando la intaneti.

Uhakika ndio wenye uzito zaidi. Programu huipa kila kazi namba moja inayobeba ombi, jina la fundi aliyetumwa, vipuri vilivyotumika na ankara, hivyo kazi iliyokamilika bila kulipwa huonekana mara moja. Katika daftari, deni la mvuvi wa dagaa aliyeahidi kulipa giza la mwezi, wakati wa kuvua dagaa, litakaporudi hufunikwa na kurasa zinazofuata, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, jasho la mafundi wengi hupotea. Hata hivyo, kwa fundi aliyevuka ziwa kwenda kisiwa cha Ukerewe na kukosa mtandao, daftari ni salama zaidi, isipokuwa programu iwe inahifadhi taarifa kwenye simu na kuzituma baadaye.

Daftari huloa, programu hudai nywila, nakala rudufu na nidhamu ya kujaza taarifa kila siku. Wala programu haimwondolei mfanyabiashara anayetakiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kutoa risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) wajibu huo.

Anayefanya kazi peke yake kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na kulipwa papo hapo, daftari linamtosha. Mwenye mafundi kadhaa, na hoteli zinazolipa mwisho wa mwezi, aanze na programu ya bei nafuu huku daftari likibaki karibu.