Fundi wa Kirumba aliyenichongea daraja la Cairo

Nafundisha jiografia hapa Mwanza. Kila mwaka nikifika kwenye mto Nile nasema maji ya ziwa letu yanatokea Jinja na kushuka hadi Misri, na wanafunzi wananakili tu. Safari hii nilitaka waone kitu. Nikachukua picha ya zamani ya daraja la Kasr el Nil, linalovuka Nile mjini Cairo, nikaipeleka kwa seremala mmoja wa Kirumba, karibu na Mwaloni, anayechonga mitumbwi ya mapambo na vifaa vya kufundishia.

Aliitazama picha muda mrefu. "Mwalimu, hili linafungukia wapi?" Hapo hapo nikamwamini.

Daraja lile la chuma lilijengwa na Wafaransa wa kampuni ya Fives-Lille enzi za Khedivi Ismail, mtawala wa Misri, likaanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1870. Kipande chake kimoja kilizunguka juu ya nguzo ili majahazi yenye milingoti mirefu yapite. Lilikuja kubomolewa, na mwaka 1933 Mfalme Fuad akafungua jingine palepale. Simba wanne wa shaba nyeusi, kazi ya Mfaransa Jacquemart, walibakizwa. Mpaka leo wamekaa wawili kila upande.

Kazi ya fundi ni ya mninga, urefu mita moja na nusu, na kile kipande cha kuzunguka kimekalia beringi ya pikipiki. Unakisukuma kwa kidole kimoja. Mara ya kwanza kilipofungwa, ncha zake zililala kidogo chini ya usawa wa barabara, kigari cha kuchezea kikakwama. Nikamweleza kwamba madaraja ya aina hii, yakishafungwa, ncha zake hukazwa kwa kabari, maana uzito wote umeangukia nguzo ya katikati. Hakubisha. Kesho yake asubuhi akanipigia: ameshachonga kabari mbili. Sasa mwanafunzi lazima azichomoe kwanza ndipo azungushe, na hicho ndicho kilichowaingia kuliko maelezo yangu yote.

Alichelewa wiki mbili, na hilo lilinikera kwa sababu mada ilikuwa imeshaanza. Simba wawili walikuja na nyuso za mbwa. Mmoja amemrudia bila kudai hela, wa pili bado. Nililipa shilingi 220,000 mfukoni mwangu, na kwa mninga ule sioni kama nimepunjwa. Ukienda, nenda na picha iliyo wazi na umpe tarehe ya mapema kuliko unayoihitaji.

Binti mmoja wa dawati la mbele aliuliza kwa nini daraja la Kigongo–Busisi kwenye ziwa letu, lililofunguliwa 2025, halizunguki. Nikamwambia limeinuliwa, vyombo vinapita chini yake. Akataka kuona. Jumamosi nimerudi Kirumba, nimelipa nusu.