Uzi upi wa kutarizi ununue Nairobi: pamba, rayoni au poliesta?

Kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji Mtaa wa Biashara, nyuzi za aina tatu hukaa rafu moja na zote huitwa "uzi wa kutarizi": pamba ya vifungu, rayoni na poliesta. Kwa kazi ya mkono chukua pamba ya nyuzi sita. Rayoni na poliesta ni za cherehani, na anayeanza akiuziwa rayoni kwa sababu inang'aa, kazi humshinda akadhani mkono wake ndio mbovu.

Pamba ya kulinganishia nayo ni ya DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanzia Mulhouse mwaka 1746. Kifungu kina mita 8 za nyuzi sita zilizolazwa pamoja. Rangi ziko 500, kila moja na namba yake: nyekundu 321 ikikuishia katikati ya ua, unanunua 321 nyingine na palipoungwa hapaonekani. Mng'ao wake hutokana na pamba kuchovywa kwenye kostiki soda, kemikali kali, ikiwa imevutwa ili isinywee. Unyuzi hufura, ukawa mviringo na laini, ukashika rangi vizuri zaidi.

Pakiti za rangi mchanganyiko zisizo na chapa ni nafuu, na zinafaa kujifunzia. Kasoro yake ya kwanza ni unene: uzi uleule una sehemu nyembamba na sehemu zenye vinundu, kwa hiyo ua lililojazwa huonyesha mistari. Ya pili ni kuchuja, hasa nyekundu, nyeusi na buluu iliyokolea. Kabla ya kushona, kata sentimita 10, ziloweshe, zilaze kati ya vitambaa viwili vyeupe vya pamba, kisha piga pasi ya moto mpaka pakauke. Doa likitokea, uzi huo ubaki kwa picha za kutundika ukutani. Usiutie kwenye vitambaa vya makochi vinavyofuliwa kila Jumamosi. Maua mekundu yatageuza kitambaa kizima cha waridi.

Kata uzi usiozidi sentimita 45, takriban kutoka ncha za vidole hadi kiwiko. Chomoa unyuzi mmoja mmoja kwa kuuvuta juu, kisha uunganishe idadi unayotaka. Ukichomoa mbili kwa mpigo zinafungana fundo papo hapo. Nyuzi mbili zinataka sindano ya kutarizi namba 8, nyuzi tatu namba 7. (Namba ikipanda, sindano huwa nyembamba, jambo ambalo wauzaji wengine hulipindua.) Sindano ikiwa nyembamba kupita kiasi, tundu inalotoboa ni dogo, uzi husuguliwa kila unapopita na huota manyoya kabla haujafika nusu. Ukiona umeanza kujisokota, geuza kitambaa, acha sindano ining'inie mpaka itulie.

Rayoni huteleza. Mafundo yake hulegea, na ikilowa hupungua nguvu. Kwenye cherehani haina tatizo, kwa kuwa uzi wa bobini huishika kutoka chini. Poliesta humudu jua, jiki na kufuliwa mara kwa mara, kwa hiyo inafaa nembo za sare za shule. Mkononi ni kavu, na pasi kali huiyeyusha.

Hata uzi bora huharibika kwenye kitambaa kisichoulingana, na hapa kazi za wasanii wa sasa zinafundisha mengi. Joana Choumali wa Côte d'Ivoire alichapisha kwenye turubai ya pamba picha alizopiga Grand-Bassam, mji wa pwani wa nchi hiyo, baada ya shambulio la kigaidi la Machi 2016, akatarizi juu yake. Mradi huo ulishinda Prix Pictet, tuzo ya kimataifa ya upigaji picha, mwaka 2019. Anayetaka kujaribu njia hiyo ajue kuwa wino hukaa juu ya turubai, na mshono ukifumuliwa, kidoti cheupe hubaki. Chora mshono kwenye karatasi kwanza. Usitumie fremu ya mviringo, ambayo huacha alama ya duara kwenye picha; itandaze kazi kwenye fremu ya mbao kwa pini.

Kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kiitwacho lubugo, kina tabia tofauti kabisa. Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi, huchora juu yake akiacha matundu na mishono yake ionekane. Sanaa Gateja wa Uganda hushonea juu yake shanga za karatasi. Gome hupondwa kwa nyundo za mbao, halifumwi, hivyo hakuna nyuzi za kwenda na kurudi za kuizuia sindano. Mishono ikikaribiana, gome hukatika kwenye mstari wa matundu kama stempu. Acha milimita 5 kati ya tundu na tundu, weka kaliko nyuma, na badala ya kujaza laza uzi mnene juu ya gome, uushike kwa vijishono vidogo vya uzi mwembamba. Njia hiyo hutoboa mara chache, na mng'ao wote wa uzi hubaki juu.

Kwa anayetaka kitambaa cha kawaida, Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, inaushinda Mtaa wa Biashara. Shuka za mitumba za pamba au kitani zimeshafuliwa mara nyingi, zimekwisha kunywea. Kaliko mpya huja na wanga. Usipoifua kwanza kwa maji ya moto, itanywea baada ya kutariziwa huku uzi ukibaki na urefu wake, na ua lote litajikunyata. Kabla ya kulipia shuka, inyanyue kwenye mwanga, kwa kuwa katikati huchakaa kuliko pindoni. Vuta kwa mikono miwili pale mwanga unapopita zaidi. Ikilia kama inayochanika, irudishe.