Shuka Lililoinuka: Hadithi ya M. R. James na Filamu Zake Mbili

M. R. James alikuwa msomi wa maandiko ya kale huko Cambridge, na alikuwa na desturi ya kuwasomea marafiki zake hadithi za mizuka wakati wa Krismasi. "Oh, Whistle, and I'll Come to You, My Lad" (yaani "Piga firimbi, nami nitakujia, kijana wangu") ilichapishwa mwaka 1904 katika mkusanyiko wake wa kwanza, na kwa maoni yangu hakuandika nyingine inayoifikia kwa kutisha.

Profesa Parkins, kijana nadhifu asiyeamini mizuka hata chembe, anakwenda pwani ya mashariki ya Uingereza kucheza gofu, na chumba anachopewa hotelini kina vitanda viwili. Katika magofu ya Templars, wapiganaji wa kidini wa Zama za Kati, anachokoa ardhi na kupata firimbi ya shaba nyeusi yenye maandishi ya Kilatini yanayouliza ni nani huyu anayekuja. Anaipuliza. Upepo mkali unavuma ghafla, na baada ya hapo kitanda cha pili, ambacho hakuna aliyekilalia, kinakutwa asubuhi kimevurugika kana kwamba mtu amegaagaa humo usiku kucha.

Ustadi wa James umo katika umbo la kile kinachokuja. Hakina mwili, hivyo kinajitengenezea mwili kwa mashuka ya kitanda kile. Parkins anapokiona kikiinuka, anatambua kwamba ni kipofu: kinainama na kupapasa mto ambao yeye ameuacha punde tu, kikimtafuta kwa mikono iliyoviringwa kitambaa. Mwandishi mwingine angekipa makucha na damu. James amekipa uso wa kitani kilichokunjamana, na kwangu mimi uso huo unatosha kumfanya msomaji akitazame upya kitanda chake mwenyewe.

Jonathan Miller aliiongoza filamu ya BBC ya mwaka 1968, ya rangi nyeusi na nyeupe, isiyofika saa moja. Profesa wake, anayeigizwa na Michael Hordern, si kijana tena, bali ni mzee mpweke anayejisemea, anayeguna na kuchekelea mawazo yake mwenyewe mezani, na uigizaji huo ni hazina. Kwa dakika nyingi hakuna mazungumzo yoyote, ila mtu mmoja anayetembea ufukweni na upepo. Miller anaelekea kuamini kwamba kinachovunjika hapa ni akili ya profesa. Sikubaliani naye, kwa kuwa katika hadithi mzuka upo kweli. Hata mtoto aliyekuwa nje ya hoteli anauona ukipunga mkono dirishani. Hata hivyo, shuka linapoinuka polepole, huku sauti zikipotoshwa na Hordern akibaki kama mtoto anayenyonya kidole gumba, ubishi wangu wote unayeyuka.

Toleo la mwaka 2010, lililoandikwa na Neil Cross na kuongozwa na Andy de Emmony, linamleta John Hurt kama mume mzee aliyemwacha mkewe, ambaye akili yake imepotea kwa maradhi, katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Firimbi imeondolewa, ikawekwa pete, na jina la filamu likabaki bila maana. Ni kosa kubwa. Lakini Hurt anaubeba uchungu wa ndoa hiyo kwa macho tu, na swali la roho kuendelea kuwamo katika mwili usiomtambua mtu ni zito kuliko maswali ya filamu nyingi za kutisha.

Soma hadithi kwanza, kisha utazame toleo la Miller usiku, ukiwa peke yako. Ukurasa wa mwisho wa James usiuruke, maana filamu zote mbili zimeuacha: firimbi imekwisha kutupwa baharini na mashuka yamechomwa moto, lakini Parkins bado hawezi kuona kanzu ya kasisi ikining'inia mlangoni bila kushtuka, na sanamu ya kutishia ndege shambani, jioni ya majira ya baridi, imekwisha kumnyima usingizi zaidi ya mara moja.