Maji yale yale, maswali mawili: fizikia na kemia

Mpe mwanafizikia bilauri ya maji, atataka kujua yanachemka lini na kwa nini. Kwenye usawa wa bahari ni nyuzijoto 100 za Selsiasi. Mlimani, mgandamizo wa hewa ukipungua, yanachemka mapema zaidi. Mvuke ule bado ni maji, na barafu vilevile.

Mwanakemia anauliza yameundwa na nini. Anatia asidi kidogo, anapitisha umeme, na viputo vinaanza kupanda: huku oksijeni, kule hidrojeni, ambayo ujazo wake ni mara mbili. Maji yaliyogawanyika hivyo si maji tena.

Kwa wanafunzi wanaoanza, mimi ningetangulia na viputo. Kuchemka wameshakuona jikoni.