"Ana matongotongo tu huyo": daktari aliyempa paka wangu dawa bila kumgusa

Nimekaa na hili jambo moyoni wiki kadhaa sasa, nilisema nikipoa ndo niandike, naona sipoi basi acha niandike hivi hivi.

Paka wangu anaitwa Tunu. Jioni moja, siku sikumbuki, nikamkuta kajikunyata chini ya kabati kafumba jicho la kushoto, la kulia liko wazi linaniangalia ila hilo lingine kalibana kabisa. Nikadhani usingizi. Asubuhi bado kalibana, machozi yanachuruzika mpaka manyoya ya shavuni yameloa, na ile ngozi nyeupe inayokaa ndani kwenye kona ya jicho upande wa pua imepanda imefunika kama robo ya jicho. Nikifungua pazia anageuza kichwa, mwanga hautaki. Chafya hapigi, pua kavu, jicho la pili zima kabisa. Haya nayataja moja moja kwa sababu yote nilimwambia daktari, kwa mdomo wangu, na hakuna hata moja alilolisikiliza.

Kliniki yenyewe siitaji. Mapokezi niliandikishwa vizuri tu, dada wa pale hana neno. Daktari akatoka ndani simu mkononi, mi bado nimemshika Tunu kwenye kikapu chake, mlango wa kikapu haujafunguliwa. Akainama akachungulia kwenye matundu kama sekunde mbili hivi. Akasema, "Ana matongotongo tu huyo, mafua ya paka." Nikamwambia daktari, mbona hapigi chafya, na ni jicho moja, na limeanza ghafla, hutamweka mezani umtazame? Ndo akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza, akasema, "Dada, unataka kunifundisha kazi?" Mbele za watu. Kulikua na mzee na mbwa wake, kuna mtoto kapakata sungura, wote wakanigeukia. Nikanyamaza, na huko kunyamaza ndo kunaniuma mpaka leo kuliko hata maneno yake, kwa sababu Tunu hana mdomo, mdomo wake ni mimi.

Akanipa kichupa cha matone, tia tone moja mara tatu kwa siku, akipona usirudi. Basi.

Nikatia. Nilikua natia kwa uaminifu kabisa, namfunga kwenye taulo, nasubiri atulie, naweka tone. Siku ya kwanza nikaona wekundu umepungua nikafurahi, nikasema labda mi ndo niliyekua na haraka ya kumhukumu mtu. Kama siku ya tatu au ya nne hivi naamka namkuta lile jicho limekua la bluu bluu, lina ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na katikati kuna sehemu imebonyea. Nilitetemeka. Nilimbeba nikatoka na ndara.

Nilirudi palepale, kwa kua ndo karibu na sikua na akili ya kutafuta kwingine. Na hapa ndo mtanisamehe maana nilitaka kuipa hii kliniki sifuri kabisa nikafunge mjadala, lakini siku hiyo yule bwana hakuwepo, nikapokelewa na daktari mwingine, binti mdogo tu wa makamo ya mdogo wangu, na kile alichokifanya sitakisahau.

Kwanza alizima taa za chumba. Akachukua tochi ndogo akammulika Tunu kwa pembeni, jicho moja halafu la pili, akinieleza anaangalia kama mboni zote mbili zinasinyaa sawa. Kisha akatoa kikaratasi chembamba chenye rangi ya machungwa nchani, akakilowesha, akakigusisha kidogo tu ndani ya kope, akasuuza jicho kwa maji ya chumvi yale ya hospitali, akawasha taa ya bluu. Kwenye jicho la Tunu likatokea doa la kijani linang'aa. Akanivuta akasema, "Njoo uone mwenyewe dada yangu." Akanieleza kwamba kioo cha mbele cha jicho, konea, kina ngozi nyembamba juu ambayo hiyo rangi haiwezi kuipenya, kwa hiyo ikishika mahali ujue pale ngozi imechubuka na chini ni kidonda. Kipimo chenyewe hakizidi dakika tano! Dakika tano tu, ndo nilichonyimwa siku ile kwa sababu mtu alikua na simu yake.

Akaniuliza unatia nini? Nikampa kichupa. Akasoma, akakaa kimya, akasoma tena. Akaniambia ina deksamethasoni, yani steroidi, na steroidi haitiwi kwenye jicho lenye kidonda. Inatuliza wekundu, ndo maana siku ya kwanza nilimwona kama anapona, lakini huku nyuma inazuia kidonda kisizibe, vijidudu vinapata nafasi, na konea inaweza kuanza kuyeyuka. Ndo neno alilotumia, kuyeyuka. Na konea ya paka unene wake haufiki hata milimita moja, sasa piga hesabu ina muda gani wa kusubiri.

Na hebu niseme kitu kingine maana kuna watu wataniambia labda yule wa kwanza alikosea tu ugonjwa, binadamu hukosea. Sikatai, mafua ya paka yapo na yanapiga macho kweli, kirusi chake kimojawapo ni cha jamii ya hepesi na paka akishakipata hukaa nacho maisha, akipata msongo kinaamka. Ila hicho hicho kirusi kinaweza kutoboa vidonda kwenye konea! Kwa hiyo hata angekua sahihi kwamba ni mafua, bado dawa ile haikutakiwa kutiwa kabla ya kupima kwa ile rangi. Alikosea pande zote mbili. Nikifika hapa damu inachemka.

Matibabu yalikua kazi. Antibiotiki ya matone kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, niliweka alamu. Kisha yule binti akamtoa Tunu damu kidogo, akaizungusha kwenye mashine, yale maji ya juu yaliyojitenga akayaweka kwenye kichupa, ikawa ndo dawa nyingine ya kutia, inakaa kwenye friji, kwa sababu ndani yake kuna vitu vinavyozuia konea isiyeyuke. Sikuwahi kujua kwamba mnyama anaweza kutibiwa jicho kwa damu yake mwenyewe. Na kulikua na atropini ya kupunguza maumivu, hiyo alinionya mapema kwamba ni chungu, inashuka puani mpaka kooni na paka atatokwa mapovu mdomoni, nisiogope. Akatoka mapovu kweli, nisingeambiwa ningezimia. Nilifundishwa kuacha dakika tano au zaidi kati ya dawa na dawa maana ukifululiza ya pili inaisafisha ya kwanza. Kusafisha ni kwa pamba ya shashi iliyoloa, kutoka kona ya ndani kwenda nje, kila jicho na kipande chake. Na ile kola ya plastiki ya shingoni haivuliwi, hata kama anakulilia, kwa sababu kujikuna mara moja tu kunaweza kumaliza jicho.

Kingine alichonifungua macho ni maumivu. Mi nilikua nasubiri Tunu alie ndo nijue anaumwa. Akasema paka mwenye maumivu ya jicho halii, anajificha, na jicho lililobanwa ni jicho linalouma, sio usingizi, na jicho linalouma halisubiri kesho. Halafu akaniambia kwa mbwa kuna presha ya jicho, jicho linakua jekundu, lina ukungu, mboni imetanuka haisinyai, na hapo upofu ni suala la saa au siku chache. Nikamkumbuka jirani yangu, mbwa wake wa pua fupi, karibu mwaka mzima anamfuta uchafu mzito wa kunata machoni, naye alishaambiwa ni matongotongo! Nikampigia siku hiyo hiyo. Akapelekwa, akawekewa kile kikaratasi cha kupima machozi, kwa dakika moja mbwa mzima analowesha milimita 15 na kuendelea, wa kwake hata 5 hazikufika. Macho makavu, ile ute ndo jicho linajaribu kujilainisha. Sasa anatumia dawa ya kuamsha tezi za machozi na ataitumia maisha.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilianza na sifuri. Kwa yule binti natoa tano, nikiweza natoa kumi, jicho la Tunu lipo, limebaki na kovu jeupe katikati dogo kama kichwa cha pini ila anaona, jana kakimbiza kivuli cha mkono wangu ukutani. Nilikua nimeshaamua kuandika "nendeni, mkimkuta yeye".

Ila siku ya mwisho ya kuangaliwa, tunatoka, kola imevuliwa, Tunu kwenye kikapu, tukapishana kwenye korido na yule bwana wa simu. Akachungulia kwenye matundu vilevile kama siku ile. Akacheka, akasema, "Si nilikwambia atapona?"

Safari hii sikunyamaza. Nilimwambia kaka, hukumgusa, hukumpima, na dawa yako ndo ilitaka kumla jicho, na nikamwambia kwa sauti mapokezi yote wasikie. Hakujibu, akaingia ndani akafunga mlango. Hakusema hata pole. Binti nampa tano zake, ila kliniki nairudisha kwenye moja mpaka huyo mtu atakapojifunza kufungua mlango wa kikapu.