Grisi ya klachi kwa gari la zamani: ununue ipi?

Hewa ya chumvi ya Tanga haiishii kwenye bodi. Land Rover Series III ikilala wiki kadhaa wakati wa masika, meno ya shafti ya giaboksi yanashika kutu, diski ya klachi inagoma kuteleza juu yake, na gia zinakwaruza hata ukikanyaga pedeli hadi chini. Grisi inayohitajika pale haifiki gramu moja, kwa hiyo usinunue kopo la kilo kwa sababu tu ni rahisi.

Ya kwanza, ya kwenye meno hayo, ni grisi ya lithiamu yenye molibdeni. Ni nyeusi au ya kijivu. Kwenye lebo tafuta MoS2 (ndiyo molibdeni) na NLGI 2 (kipimo cha uzito wa grisi). Mafuta yake yakikauka, molibdeni inabaki imeshika chuma. Kama klachi mpya imekuja na kijipakiti chake cha grisi, tumia hicho kwanza.

Ya pili ni lithiamu kompleksi ya beringi za magurudumu, isiyoyeyuka hadi ipite nyuzi 250. Inafaa sana kwenye bomba linalobeba beringi ya klachi na pale uma unaosukuma beringi hiyo unapoegemea. Lithiamu ya kawaida itumie nje ya klachi tu: ekseli ya pedeli, na kebo kama gari ni Volkswagen Beetle.

Ya mwisho ni ile ya bei rahisi ya chasisi, ya kalsiamu. Inahimili maji vizuri, lakini huyeyuka karibu na nyuzi 100, ikarushwa kwenye diski. Hapo klachi inateleza mlimani (jaribu kupanda Amani na mzigo uone) au gari linatetemeka likiondoka. Grisi ya shaba nayo ni ya bolti, si ya meno.

Silinda za klachi zina grisi yake: nyekundu, maalumu kwa raba. Muuzaji asikupe grisi nyekundu ya magurudumu. Hiyo hutengenezwa kwa mafuta ya madini, ambayo huvimbisha raba na pedeli ikabaki chini. Ukiikosa ile ya raba, lowesha raba kwa mafuta mapya ya breki.

Kabla ya kupaka, futa vumbi kwa kitambaa kibichi. Usipulize kwa kompresa, kwani diski za zamani huwa na asbesto. Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka utando mwembamba kwenye meno, ingiza diski na uitoe mara mbili tatu, kisha futa yote iliyosukumwa pembeni. Ukiacha hata kidogo, itaishia kwenye diski.

Beringi iliyofungwa usiioshe kwa petroli. Utaondoa grisi ya ndani na itaanza kulia. Bushi mpya ya shaba ya nyuma ya krenkshafti ilaze usiku mzima kwenye oili ya injini, bila grisi. Na Morris Minor, yenye beringi ya kaboni, haipakwi chochote pale kaboni inapogusa chuma.