TAHADHARI: Kibanda cha "wakili" Mokowe, muhuri unapigwa kabla hujafika

Jamaa zangu wa Lamu, na hasa nyinyi mlio Mombasa na Uarabuni mnaotafutiwa ploti huku upande wa bara, someni hii kabla hamjatuma pesa.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mamangu mdogo Mokowe kununua ploti. Dalali akatupeleka duka la fotokopi, eti ndiko kwa wakili. Wakili mwenyewe hayuko, yuko kijana. Akavuta droo, akatoa bunda la karatasi. Nikainama kutazama: hati za kiapo tupu, hazina jina wala tarehe, lakini chini muhuri wa kamishna wa viapo ushapigwa na sahihi ishatiwa. Wino wa zambarau umevuja mpaka karatasi ya pili. Kijana akauliza, "Muuzaji aitwa nani, niandike?" Huyo muuzaji hatujapata kumtia machoni. Tuliambiwa yuko Garsen, hawezi.

Mama alikuwa ameshatoa elfu ishirini za kuandikiwa, na hazikurudi. Laki nne zilizofungwa kwenye leso tulirudi nazo botini, alhamdulillahi.

Jamani, kamishna wa viapo ni wakili aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Kazi yake ni kukuona wewe mwenyewe, kukagua kitambulisho chako, kukusikia ukiapa na kukuona ukitia sahihi kwa mkono wako. Sheria ya viapo, Sura ya 15, inamtaka aandike kwa kweli mahali na tarehe ya kiapo, na inamkataza kuapisha katika jambo ambalo yeye ni wakili wa upande mmoja au ana maslahi nalo. Karatasi iliyogongwa muhuri kabla ya mtu kufika ni uongo tangu mwanzo. Wakili wa kweli akifanya hivyo anaweza kufikishwa mbele ya jopo la nidhamu la mawakili, na kudaiwa hasara uliyoipata. Na anayeghushi hatimiliki ya ardhi au hati ya kumpa mtu uwakilishi, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 350, inataja kifungo cha maisha.

Linaloniuma zaidi ni kwamba watu wetu wakiona muhuri wanadhani serikali imeshathibitisha shamba. Hata muhuri halali hausemi ardhi ni ya nani. Unasema tu fulani alifika akaapa. Mwenye ardhi utamjua kwa upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi, nao ufanye mwenyewe, usimwachie dalali.

Jina la wakili litafute kwenye mtandao wa Chama cha Mawakili, uone kama ana cheti cha mwaka huu, maana hutolewa upya kila mwaka. Jina lililo kwenye muhuri ule silitaji hapa, huenda mwenyewe ameibiwa jina.

Aliyekwisha kulipa pale asitupe karatasi wala kufuta ujumbe wa M-Pesa. Mama ameshaandikisha ripoti polisi. Ukiwa na karatasi ya aina ile, niandikie faraghani twende pamoja.